Uniti 22: Namna ya Kulifikisha Mbali Gari la Umeme

Gari langu la umeme lilipofika kutoka Japani, karatasi ya mauzo ilisema linakwenda kilomita 280 kwa chaji moja. Wiki ya pili tukalipeleka Naivasha. Kutoka kwetu Nairobi ni kama kilomita 90 tu. Kwa hesabu ya karatasi ile, ningekwenda, nirudi, na bado nibaki na chaji ya kuzungukia mtaani siku nzima. Asubuhi dashibodi ilionyesha kilomita 140, nikadhani inakosea. Niliendesha kama nilivyozoea kuendesha la petroli: mwendo wa 110 kila barabara ilipofunguka, hita inawaka kwa sababu ya baridi ya Limuru, tairi sijazikagua tangu gari litoke bandarini.

Mji wa Naivasha ulipoanza kuonekana, tarakimu za kilomita zilikuwa zimetoweka kwenye dashibodi, vimebaki vistari vitupu. Mke wangu alikuwa amenyamaza tangu Mai Mahiu. Kisha akauliza swali moja: "Baba watoto, sasa tutarudi na nini?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Ninalo sasa, na ndilo ninalotaka kukupa wewe uliyekwisha nunua gari la umeme, au unayelitamani lakini unaogopa kukwama njiani. Gari lilelile, betri ileile, barabara ileile, leo linanifikisha Naivasha likiwa na zaidi ya theluthi moja ya chaji. Sikuongeza kifaa chochote. Nilijifunza kuhesabu, halafu nikajifunza kuendesha kwa kufuata hesabu hiyo.

Anza na uniti, kilomita zitafuata

Kila anayelipia stima anaijua uniti. Ndiyo unayoipata kwa tokeni Kenya, ndiyo unayoinunua kwa LUKU Tanzania. Wataalamu huiita kilowati-saa. Betri ya gari ni ghala la uniti hizo hizo. Nitatumia mfano wa Nissan Leaf, kwa kuwa ndilo nilijualo na ndilo wengi wetu tumeanza nalo. Lilianza kuuzwa mwishoni mwa 2010 likiwa na betri ya uniti 24. Baadaye likaja la uniti 30, mwaka 2017 la uniti 40, na 2019 la uniti 62. Si zote unazoruhusiwa kuzitumia: kompyuta ya gari huweka kando kiasi kidogo ili betri isikauke kabisa. La uniti 30, ambalo ndilo langu, hukupa takriban 27 likiwa jipya.

Lakini letu huwa si jipya. Sheria ya Kenya inazuia kuingiza gari lililozidi miaka 8, na wengi wetu tunanunua lililoukaribia umri huo kwa sababu ndilo tunaloliweza. Betri nayo huzeeka. Pembeni mwa geji ya chaji ya Leaf kuna mistari midogo 12 inayoonyesha afya yake. Jihadhari nayo: mstari wa kwanza haupotei mpaka betri iwe imepoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake, inayofuata ndiyo hupotea kila baada ya takriban asilimia 6. Maana yake gari lenye mistari yote 12 linaweza kuwa na afya ya asilimia 99 au ya 86, na kwa macho hutaona tofauti.

Kwa hiyo tafuta kifaa kidogo cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani, kiunganishe na programu ya LeafSpy kwenye simu, nayo itakupa asilimia yenyewe. Fanya hivyo kabla ya kutoa pesa. Na kwa kuwa kumbukumbu ya kompyuta inaweza kufutwa ili betri ionekane nzima kwa muda, usiishie hapo: liendeshe gari kilomita 40 au 50 uone asilimia ya chaji inavyoshuka. Betri iliyochoka inaweza kudanganya kwenye skrini, lakini barabarani itajulikana.

Afya ya betri yangu ilikuwa asilimia 82. Ukizidisha uniti 27 kwa 0.82 unapata 22. Hizo ndizo mali yangu yote. Kilomita 280 za kwenye karatasi zilipimwa kwa kipimo cha zamani cha Japani kiitwacho JC08, ambacho wastani wa mwendo wake ni kama kilomita 24 kwa saa, na mwendo wa juu kabisa haufiki hata 82. Gari hilo hilo, likiwa jipya, serikali ya Marekani iliandika kwamba linakwenda kilomita 172. Ukiliona tangazo la Kijapani, usilishike neno.

Hatua ya pili ni kujua gari lako linakwenda kilomita ngapi kwa uniti moja. Leaf huonyesha wastani huo kwenye skrini. Urudishe kwenye sifuri kila unapoanza safari, na uuandike kwa mwezi mzima: mjini, barabara kuu, siku ya mvua, siku ya watu watano garini. Langu hunipa kilomita 7 hadi 8 kwa uniti nikiendesha kwa utulivu, na 5 na nusu nikikimbia. Zidisha kwa uniti ulizo nazo, na hapo utajua uwezo wako. Tofauti kati ya 5.5 na 7.5, kwa uniti 22, ni kilomita 44. Hiyo ni nusu ya njia ya Naivasha, na haijaongezwa shilingi moja.

Ile tarakimu kubwa ya kilomita kwenye dashibodi usiitegemee. Hukadiria kwa kuangalia ulivyoendesha hivi karibuni. Haijui kama mbele yako kuna mlima, au kama jana ulikuwa ukiteremka. Tazama asilimia ya chaji, fanya hesabu mwenyewe.

Mwendo ndio mlaji mkubwa

Ukiweza kubadilisha jambo moja tu, badilisha mwendo. Gari linalokwenda kasi linasukuma hewa, na hewa haisukumwi bure. Mwendo ukiongezeka, ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wake: ukitoka 80 kwenda 110, ukinzani huo unakaribia kuwa mara mbili. Katika barabara tambarare, Leaf kwa mwendo wa 80 hukupa takriban kilomita 7 na nusu hadi 8 kwa uniti. Kwa 100 hushuka hadi kama 6 na nusu. Kwa 110 ni kama 5 na nusu.

Pima upande wa pili wa mizani, yaani muda. Kilomita 90 kwa mwendo wa 80 huchukua dakika 68. Kwa 110, kama njia ingekuwa tupu mwanzo hadi mwisho, zingekuwa 49. Lakini njia ya Naivasha haiwi tupu. Kuna malori, kuna matuta, kuna miji ya kupitia, na zile dakika 19 hubaki labda 10. Kwa ajili ya dakika hizo 10 umechoma uniti 4 zaidi, ambazo soketi ya kawaida ya nyumbani itazirudisha kwa zaidi ya saa moja na nusu. Mwenye haraka ndiye anayechelewa.

Hii si ruhusa ya kwenda mwendo wa konokono na kuwafungia wengine njia. Barabara kuu ina mkondo wake. Mwendo wa 80 unakuweka sambamba na malori na mabasi yanayotii sheria. Kaa kushoto, acha wenye haraka wapite. Wala usijifiche nyuma ya lori kwa karibu ili likukate upepo. Utapata nafuu, ndiyo, lakini siku lori litakapokanyaga breki hutakuwa na nafasi ya kusimama.

Kuna mambo mawili kuhusu hewa ambayo dereva wa Afrika Mashariki anapaswa kuyajua. La kwanza ni mwinuko. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, kwa sababu tuko juu. Ukiteremka pwani, mwendo uleule unaoujua utakula zaidi kidogo, na gari wala si bovu. La pili ni upepo wenyewe. Manahodha wa pwani walipanga safari zao kwa kusi na kaskazi, na dereva wa gari la umeme hana budi kujifunza kwao. Wakati wa kusi, upepo unakusukuma ukitoka Mombasa kwenda Malindi. Siku ya kurudi unakukabili usoni. Ukienda 80 dhidi ya upepo wa kilomita 20 kwa saa, hewa inalikinza gari lako kama vile unakwenda 100. Ukiona minazi imeinama kuja upande wako, punguza mwendo.

Mlima hukopa, mteremko hulipa nusu nusu

Kupanda ni kubeba. Leaf lenye watu wawili lina uzito unaozidi kilo 1,600, na kila mita 100 unazolipandisha hula takriban nusu uniti, juu ya matumizi ya kawaida ya barabara. Katikati ya Nairobi ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Karibu na Limuru unavuka 2,200. Kupanda huko peke yake ni uniti 2 na nusu. Kwa mwenye uniti 22, zaidi ya sehemu moja ya kumi imekwisha kabla hajaliona Bonde la Ufa.

Kisha unateremka. Gari la umeme lina neema ambayo la petroli halina: ukiondoa mguu, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ila hairudishi wote. Sehemu hupotelea kwenye joto la mota, la waya na la betri yenyewe. Ukirudishiwa asilimia 60, shukuru. Naivasha iko karibu mita 1,900, kwa hiyo zile mita 300 za kuteremka hunirudishia chini ya uniti moja. Usipange safari kwa kutegemea mteremko kulipa deni la mlima.

Unapopanda, usishindane. Shuka hadi 60 au 70 mapema, shikilia mwendo mmoja, acha gari lipande kwa pumzi yake. Unapoteremka, kuna namna mbili. Mteremko ukiwa mlaini na njia iko wazi, liache gari lijibingirishe lenyewe, kwa kuwa mwendo unaotumika moja kwa moja ni bora kuliko mwendo unaogeuzwa umeme halafu ukageuzwa tena mwendo. Mteremko ukiwa mkali, kama ule wa kushukia Mai Mahiu, tumia gia ya B, au e-Pedal kwa Leaf za kuanzia 2017. Mota itakushikilia, breki hazitapata moto, na betri itakula.

Jambo linalosahaulika ni kwamba betri iliyojaa haina nafasi. Anayeishi juu, Limuru au Ngong, akachaji mpaka asilimia 100 na kuanza asubuhi kwa kuteremka, gari litakataa kurudisha umeme na kila kitu kitaishia kwenye breki. Kama unaishi mlimani, simamisha chaji kwenye 85 au 90, mteremko umalizie.

Na kila mara, kabla ya kufurahia kushuka, hesabu kupanda kwa kurudi. Anayeteremka kutoka Nairobi hadi pwani hufurahia njia nzima, lakini safari ya kurudi ni kupanda mita 1,700, yaani zaidi ya uniti 8 juu ya zile za kawaida. Swali la mke wangu lilikuwa sahihi: safari haijapangwa mpaka kurudi kuwe kumepangwa.

Macho mbali, mguu mwepesi

Mjini, gari la umeme liko nyumbani. Kwenye msongamano wa magari, injini ya petroli inaunguza mafuta ikiwa imesimama. Mota ya umeme ikisimama imesimama. Kinachokula uniti zako mjini ni tabia ya kukanyaga kwa nguvu kisha kufunga breki, kukanyaga, kufunga breki, kati ya tuta moja na jingine.

Dawa yake ni macho. Tazama magari matatu au manne mbele yako badala ya taa za nyuma za gari moja. Ukiona matatu inakaribia stendi, itaingia mbele yako. Ondoa mguu sasa. Ukiona taa nyekundu mbali, hakuna unachokimbilia. Acha nafasi ya kutosha mbele, na nafasi hiyo ndiyo itakayokuwa breki yako. Kanyagio la kuongeza mwendo lishushe taratibu na liachie taratibu. Ukifunga breki, funga mapema na kwa upole, kwa maana breki ya ghafla huamsha vyuma vya magurudumu na nguvu nyingi inapotea kuwa joto.

Washa hali ya Eco. Inapunguza ukali wa kanyagio na matumizi ya kiyoyozi, na kwa dereva anayetoka kwenye petroli ni mwalimu mzuri. Na kama njia yako inapitia Nairobi Expressway, zile kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands zenye ukomo wa 80 ni mahali pazuri pa kujifunza: shika mwendo mmoja mwanzo hadi mwisho, kisha utazame wastani wako kwenye skrini.

Baridi na joto ndani ya gari

Gari la petroli hutoa joto bure kwa sababu injini yake inachemka tu. Mota ya umeme haichemki hivyo, kwa hiyo joto lazima linunuliwe kwa uniti. Hita ya Leaf nyingi za mwanzo hufanya kazi kama birika la umeme, na inaweza kuvuta kilowati 3 au zaidi ikianza. Safari yangu ya kwanza ya Naivasha, hita ilikula takriban uniti 3 kwa saa moja na nusu. Kwa mwendo wa utulivu, hizo ni zaidi ya kilomita 20 za njia.

Mwezi wa Julai nyanda za juu, vaa sweta. Leaf nyingi kutoka Japani zina viti vinavyopata moto, na baadhi hata usukani. Hivyo hutumia umeme kidogo sana kwa sababu vinaupasha mwili wako, wala si hewa yote ya garini. Pasha gari kabla ya kuondoka, likiwa bado kwenye soketi, ili joto la mwanzo litoke kwenye mita ya nyumba, si kwenye betri. Ila vioo vikifunga ukungu, washa kinachohitajika uvisafishe hata kama kinakula. Hakuna uniti yenye thamani kuliko kuiona barabara.

Kiyoyozi ni rafiki kuliko hita. Gari likishapoa, hula kama kilowati moja au pungufu. Lakini kumbuka kwamba hula kwa saa, wala si kwa kilomita. Ukienda 80, saa moja ya kiyoyozi imegawanywa kwa kilomita 80. Ukiwa umekwama kwenye foleni ya Dar es Salaam au ya Likoni, saa hiyo hiyo huenda imekupa kilomita 10 tu. Mwendo ukiwa mdogo na hewa inavumilika, fungua vioo. Barabara kuu, vifunge, kwa maana vioo wazi huongeza ukinzani wa upepo. Na dawa ya kwanza ya joto ni mwembe: gari lililoegeshwa kivulini halihitaji kupozwa kama lililoachwa juani.

Tairi na mizigo

Hapa sina maneno mengi, maana kazi yenyewe ni ya dakika 5. Soma kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwa Leaf huwa psi 36. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, kila baada ya wiki mbili. Yangu siku ile ya Naivasha, nilipokuja kuzipima, mbili zilikuwa chini ya 28. Tairi laini hukokota gari na huchakaa pembeni. Ukinunua mpya, uliza zile zinazobingirika kwa wepesi, usichukue pana kwa ajili ya sura.

Keria ya juu ya gari ifungue kama huna mzigo. Hewa hugongana nayo kila kilomita. Buti likiwa na mfuko wa saruji uliosahaulika tangu mwezi uliopita, utoe.

Itunze leo ikubebe kesho

Yote niliyosema yanahusu kutumia uniti ulizo nazo. Lakini zile uniti 22 zilikuwa 27, na zitaendelea kupungua. Kasi ya kupungua iko mikononi mwako kwa kiasi kikubwa, na adui mkubwa ni joto. Betri za Leaf nilizozitaja hazina mfumo wa kuzipoza kwa maji kama magari mengine mengi ya umeme. Hupoa kwa hewa tu.

Mwaka 2012, wenye Leaf katika mji wa Phoenix, Arizona, walianza kulalamika kwamba mistari ya afya ya betri zao inapotea haraka mno. Jangwa lile lina joto kali, na magari yalikuwa yakishinda juu ya lami inayochemka. Nissan ikaongeza dhamana ya betri, na kwa matoleo ya mwaka 2015 ikabadilisha kemikali zake ili zivumilie joto zaidi. Mkazi wa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat anapaswa kulichukua somo hilo kama lake. Mkazi wa Nairobi ana bahati ya baridi, na asiichezee.

Mazoea ya kushika ni haya:

Kwa siku za kawaida, chaji mpaka asilimia 80 na uchomeke tena kabla ya kushuka chini ya 20. Betri hupumzika vizuri ikiwa katikati.

Ukihitaji asilimia 100 kwa safari, jaza, lakini panga ijae karibu na saa ya kuondoka. Kibaya zaidi ni betri iliyojaa kukaa siku nzima juani.

Usichaji gari likitoka tu safarini likiwa la moto, kama unaweza kusubiri. Usiku ni mzuri: hewa imepoa, betri imepoa.

Chaji ya haraka iwe ya safari, isiwe ya kila siku. Hupandisha joto la betri, na ukiirudia mara mbili au tatu katika safari moja ya barabara kuu, Leaf la uniti 40 hujilinda kwa kupunguza kasi ya chaji, na nusu saa uliyoipanga hugeuka saa nzima na zaidi.

Ukisafiri kwa wiki kadhaa na kuliacha gari, liache na takriban nusu ya chaji.

Na kwa usalama wa nyumba yako: mwite fundi umeme mwenye leseni akuwekee laini ya peke yake na soketi imara. Gari huvuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo, na waya wa kuongezea uliokunjwa sebuleni si wa kazi hiyo. Soketi nzuri ya kawaida hukupa uniti 2 hadi 2 na nusu kwa saa; kwa usiku mmoja unajaza gari kama langu.

Safari ndefu hupangwa mezani

Kabla ya kutoka, kaa na kalamu. Andika umbali, gawa kwa kilomita zako za kwa uniti, ongeza nusu uniti kwa kila mita 100 za kupanda, ongeza hita au kiyoyozi, halafu weka kando asilimia 20 ambayo hutaigusa. Asilimia hiyo ni ya ajali iliyofunga barabara, mvua iliyoanza ghafla, au upepo wa kusi. Ikiwa hesabu haifiki bila kuigusa, basi lazima kuwe na kituo cha chaji katikati ya safari hiyo, au hakuna safari.

Kituo nacho kisiwe jina kwenye ramani tu. Leaf la Japani lina matundu mawili: la chaji ya kawaida ya aina ya 1, na la chaji ya haraka ya CHAdeMO. Vituo vingi vipya vinafungwa waya za CCS2 au aina ya 2, ambazo hazitaingia kwenye gari lako bila adapta. Piga simu, uliza plagi ni ipi, uliza kama inafanya kazi leo, na uliza kama wana jenereta stima ikipotea. Beba waya wako wa soketi ya kawaida siku zote. Hoteli au nyumba ya ndugu yenye soketi nzuri ni kituo cha chaji pia, mradi umeomba mapema na ukalipa uniti ulizotumia. Siku ile tulipokwama Naivasha, mwenye nyumba ya wageni alituruhusu tuchomeke jioni mpaka asubuhi. Nilimlipa, na nikaondoka nikijua kwamba kulala kule hakukuwa mapumziko. Kulikuwa gharama ya kutohesabu.

Miezi minne baadaye tukaenda tena. Betri ilikuwa ileile. Nilipima tairi alfajiri, nikapasha gari likiwa kwenye soketi, tukavaa masweta na kuwasha viti. Mwendo wa 80, na 65 kwenye mlima wa Limuru. Kushuka Mai Mahiu nikatumia B, nikaiona asilimia ikipanda moja baada ya nyingine. Tulichelewa kwa robo saa kuliko ile safari ya kwanza.

Tulipoegesha, dashibodi ilisema asilimia 38. Mke wangu aliitazama kabla yangu. Hizo ni uniti 8 hivi, hazitoshi kurudi Nairobi, nasi wote tulijua. Lakini chakula cha mchana kilikuwa kimepangwa mahali penye soketi, saa nne za kuchomeka zilikuwa zimeombwa tangu juzi, na karatasi ya hesabu ya kurudi ilikuwa kwenye mkoba wake, kwa mwandiko wake mwenyewe.